Taa za trela: kagua waya wa hasi kabla ya kulaumu balbu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nitoe maoni kuhusu makala ya ushauri wa magari mliyoichapa hivi karibuni, ile iliyomjibu msomaji ambaye taa za trela anayoikokota kwa pikapu yake zinawaka zinavyotaka zenyewe. Mwandishi alimshauri abadilishe balbu, tatizo likiendelea abadilishe fyuzi, na likizidi kuwapo ang'oe nyaya zote za trela na kuweka mpya. Sina shaka kwamba ushauri huo ulitolewa kwa nia njema, na huenda msomaji huyo akabahatika, lakini umeanzia mwisho, na kwa kuwa wapo watu wanaosoma gazeti huku wameshika bisibisi mkononi, nimeona si vyema kunyamaza. Kwa maoni yangu, anayetafuta hitilafu ya taa za trela aanze na waya wa hasi, yaani ule unaorudisha umeme kwenye betri, ambao mafundi wengi huuita erthi, na aupime taa zikiwa zinawaka, si zikiwa zimezimwa. Mengine yatafuata baada ya hapo, na mara nyingi hayatahitajika.

Nasema hivi kwa sababu nami nilipitishwa katika njia ile ile ya makala yenu, na nililipia kila hatua yake. Trela yangu ni ya magurudumu mawili, na kila upande wa nyuma ina taa moja yenye balbu mbili: moja ya indiketa, na nyingine yenye nyuzi mbili ndani, uzi mwembamba wa wati 5 kwa taa ndogo ya usiku na uzi mnene wa wati 21 kwa breki. Mchana kila kitu kilionekana sawa, kwani indiketa zilipepesa na taa za breki ziliwaka, ingawa kwenye jua kali hakuna anayeweza kupima kwa macho kama zinawaka kwa nguvu zake zote. Vituko vilianza giza likiingia. Nilipokanyaga breki huku taa ndogo zikiwa zimewashwa, mwanga wa nyuma haukuongezeka hata kidogo, na nilipowasha indiketa ya kushoto, taa ndogo ya kulia nayo ilififia na kurudi, ikififia kila mwenzake alipowaka. Fundi niliyempelekea alibadilisha balbu zote nne, kisha soketi iliyoko nyuma ya pikapu, kisha rilei ya indiketa, yaani swichi ya umeme inayoifanya ipepese, na kila mara alinikabidhi trela mchana, ikiwa nzima.

Mimi mwenyewe sikuwa na akili zaidi yake. Nilitoa balbu zote, nikaweka ncha za mita ya kupimia umeme ndani ya kishikio cha mojawapo, mwenzangu akakanyaga breki, na mita ikasoma volti 12.4, sawasawa na betri. Nikajiambia kwamba umeme unafika wote, kwa hiyo nyaya hazina kosa, kumbe nilikuwa nimejidanganya kwa kutumia kifaa kizuri mahali pasipofaa. Mita ya kisasa hunywa umeme kidogo mno hata waya uliobakiwa na unywele mmoja tu wa shaba huweza kuifikishia volti zote. Balbu ya wati 21 ni mlaji wa aina nyingine kabisa, kwa maana huhitaji karibu ampea 1.75, na mbili za breki pamoja na mbili za taa ndogo hufika zaidi ya ampea 4. Njia iliyobana haionekani kuwa imebana mpaka umati ujaribu kupita.

Kipimo kilichonifumbua macho kilikuwa hiki, na nitakieleza polepole kwa sababu ndicho kiini cha barua yangu. Nilirudisha balbu zote mahali pake, nikafunga waya mrefu kwenye nguzo ya hasi ya betri ya pikapu, nikaupeleka mpaka nyuma ya trela na kuuunganisha na ncha nyeusi ya mita, kisha ncha nyekundu nikaigusisha kwenye chuma cha kishikio cha balbu, sehemu ambayo kwa kawaida inapaswa kuwa sawa na hasi ya betri. Taa zikiwa zimezimwa, mita ilisoma sifuri. Taa ndogo zilipowashwa, ilisoma volti 1.1. Mwenzangu alipokanyaga breki, namba ilipanda hadi 5 na kutulia hapo. Maana yake ni kwamba katika volti 12 na ushei zilizotoka kwenye betri, karibu 5 zilikuwa zinapotelea kwenye njia ya kurudi kabla hazijafanya kazi yoyote, na balbu zilibakiwa na volti 7 hivi za kugawana. Katika njia iliyo nzima, kipimo hicho hakipaswi kuzidi sehemu moja au mbili za kumi za volti, hata breki zikiwa zimekanyagwa.

Ukipiga hesabu, utaona kwamba kosa lote halikufika hata ohmu mbili, ohmu kikiwa kipimo cha jinsi njia inavyoubana umeme. Ohmu hizo chache haziishtui mita wala taa ndogo, lakini zinatosha kumuua mlaji mkubwa, na ndiyo sababu ugonjwa ulijitokeza tu pale taa nyingi zilipowaka kwa pamoja. Kwa hiyo msomaji wenu anapoeleza kwamba taa zake ni nzima moja moja lakini huharibika zikichanganywa, tayari amekwisha kutaja jina la mgonjwa, na hakuna balbu mpya itakayomsaidia.

Nilipoufuata waya mweupe, ambao ndio wa hasi, kutoka kwenye plagi, niliukuta umeishia mbele ya trela, kwenye kijipete cha bati kilichobanwa kwa skrubu nyembamba juu ya fremu. Nilipoifungua skrubu, chini ya kijipete rangi ya fremu ilikuwa bado inang'aa kama siku ilipopakwa. Umeme wote wa trela ulikuwa ukipitia kwenye meno machache ya skrubu yaliyogusa chuma, na hapo palikuwa na unga wa kutu wa rangi ya kahawia ulioshikamana na kidole changu. Nilikwangua rangi kwa msasa mpaka chuma kikawa cheupe, nikatoboa tundu la bolti badala ya skrubu, nikaweka washa yenye meno, nikakaza, kisha nikapaka grisi juu yake ili maji yasipate pa kuingilia. Kazi hiyo yote haikuchukua nusu saa. Nilipopima tena, breki zikiwa zimekanyagwa, mita ilisoma 0.1.

Wapo wanaoamini kwamba waya mweupe si wa lazima, kwa kuwa trela imeshikana na pikapu kwa chuma kwenye tufe la kukokotea. Naomba wasifuate imani hiyo. Tufe hilo hupakwa grisi ili lisisagike, hucheza kila gari linapopita kwenye bonde na tuta, na likipata kutu hugusana na kikombe chake kwa bahati tu. Umeme ukipita hapo, hupita kwa kudonadona, na ndiyo maana wengine huona taa zao zikiwaka trela inapotulia na kuzimika inapotikisika. Kibaya zaidi ni kwamba mguso huo huweza kuficha waya mweupe uliokatika kwa miezi mingi, mpaka siku utakapolipaka tufe grisi mpya.

Waya huo ukikatika kabisa, tufe nalo lisipogusana vizuri, mambo huwa ya ajabu hata mtu akadhani gari limerogwa. Umeme ukikuta mlango wa kurudia umefungwa, hutafuta dirisha. Ule wa indiketa ya kushoto huingia kwenye balbu yake, hukosa pa kutokea, hupanda kinyumenyume kupitia uzi wa taa ndogo, husafiri kwenye waya wa taa ndogo mpaka kwenye taa za nyuma za pikapu yenyewe, na huko ndiko hupata njia ya kushukia kwenye bodi. Dereva huona taa ambazo hakuziwasha zikipepesa kwa unyonge, na fundi asiye na subira huanza kuamini kwamba nyaya zimeunganishwa vibaya, akazing'oa na kuzipanga upya, ilhali zilikuwa sahihi tangu mwanzo.

Kwa hiyo jaribio la kwanza kabisa, ambalo halihitaji mita wala elimu, ni kuchukua waya mnene mrefu wa kutosha, kuufunga upande mmoja kwenye nguzo ya hasi ya betri ya pikapu na upande wa pili kwenye chuma kitupu cha fremu ya trela, kisha kuwasha taa zote. Zikirudi katika hali yake, umekwisha kujua tatizo lilipo. Zisiporudi, hamisha ncha ya pili moja kwa moja kwenye kishikio cha taa inayosumbua, kwa sababu taa nyingi hutegemea bolti zake zenyewe kupata hasi kutoka kwenye fremu, na bolti hizo nazo hushikwa na kutu. Mimi siku hizi sitegemei fremu tena, kwani nimevuta waya mweupe mpaka kwenye kila taa, na ningependa watengenezaji wote wa trela wafanye hivyo.

Jaribio hilo likishindikana ndipo inapofaa kutenganisha mashtaka ya pikapu na ya trela. Chomoa plagi, chukua taa ya majaribio yenye balbu ya wati 21, na upime kila tundu la soketi ya pikapu huku mtu mwingine akiwasha taa moja baada ya nyingine. Balbu ikiwaka vizuri kwenye kila tundu linalostahili, pikapu haina kesi. Kisha chukua betri ya pembeni yenye fyuzi, uipe trela hasi kwenye waya wake mweupe na chanya kwenye pini moja baada ya nyingine. Kazi hii hukuonyesha bila ubishi upande gani wa plagi wenye kosa, na hapo tu ndipo mtu ana haki ya kufungua kisanduku cha vifaa. Pikapu nyingi huwa na fyuzi na rilei za trela zilizo peke yake, tofauti na zile za taa za gari lenyewe, kwa hiyo taa za pikapu kuwaka si ushahidi kwamba soketi inapata umeme. Katika magari mapya ambayo taa zake husimamiwa na kompyuta, umeme hutumwa kwa vipande vya haraka, na mita huweza kusoma namba zisizoeleweka ilhali hakuna kosa. Hapo balbu ni shahidi bora kuliko mita.

Kuhusu rangi za nyaya, makala ilisema tu kwamba mtu "aunganishe rangi na rangi yake", na hapa natofautiana nayo tena. Waya mweupe ni wa hasi katika mpangilio wa Marekani na hata katika ule wa pini 7 za duara uliozoeleka Ulaya na kwingineko. Njano ni kushoto na kijani ni kulia katika mipangilio yote miwili. Baada ya hapo undugu unakwisha. Katika mpangilio wa Ulaya, nyeusi ni taa ndogo ya kushoto, kahawia ni taa ndogo ya kulia, nyekundu ni breki na buluu ni taa ya ukungu. Katika plagi ya Marekani ya pini 7, nyeusi ni chanya inayotoka moja kwa moja kwenye betri, buluu ni ya breki za umeme za trela, na kahawia ni taa ndogo za pande zote mbili. Aliyezoea kwamba nyeusi ni hasi, akaifunga nyeusi hiyo kwenye fremu, atasababisha shoti ambayo ni fyuzi pekee itakayomwokoa. Tena, trela iliyowahi kupita mikononi mwa watu watatu haina rangi ya kuaminika, kwa sababu kila mmoja alitumia waya aliokuwa nao. Fuata tundu lenyewe na kazi yake.

Kuna tofauti nyingine inayowasumbua wanaokokota trela ya mtindo wa Marekani kwa pikapu iliyotengenezwa kwa ajili ya nchi nyingine. Katika plagi ya pini 4 ya Marekani, breki na indiketa hutumia uzi mmoja wa balbu, kiasi kwamba waya wa njano hubeba breki na indiketa ya kushoto kwa pamoja. Pikapu yenye indiketa za rangi ya chungwa zilizo mbali na breki hutoa ishara hizo kwa nyaya tofauti, na ukizifunga pamoja kwa mkono, breki itawasha indiketa zote mbili mpaka mbele ya gari. Dawa yake ni kisanduku kidogo cha kubadilisha mfumo, ambacho hupokea nyaya tatu za breki na indiketa na kutoa mbili. Kisanduku hicho nacho kikikosa hasi nzuri hufanya vituko vile vile nilivyovieleza, hivyo msikikimbilie kukitupa.

Sasa nifike kwenye sentensi iliyonifanya nichukue kalamu. Makala ilisema kwamba fyuzi ikiendelea kuungua, mtu anaweza kuweka "yenye ampea kubwa kidogo". Hapana, Mhariri. Fyuzi huchaguliwa kwa unene wa waya inaoulinda, na anayeiongeza ampea bila kubadilisha waya ameufanya waya wenyewe kuwa fyuzi, tena ule uliojificha chini ya zulia au kando ya bomba la mafuta. Fyuzi inayoungua plagi ikichomekwa na kutulia ikichomolewa inasema wazi kwamba kuna shoti ndani ya trela. Ipo njia ya kuitafuta bila kuteketeza fyuzi kumi: toa balbu zote za trela, kisha mahali pa fyuzi unganisha balbu ya wati 21. Shoti ikiwapo, balbu hiyo itawaka kwa nguvu bila kuharibu kitu. Ikishawaka, pita ukitikisa waya kipande kwa kipande, hasa unapozunguka kona ya fremu, unapopita juu ya ekseli na unapobanwa na klipu za bati. Balbu ikizimika ghafla, simama, maana mkono wako umeshika mahali penyewe. Mara nyingi ni ganda lililosagika kwa kusuguana na chuma, shaba ikachungulia nje.

Sisemi kwamba balbu haziungui. Ikiwa ni kazi moja tu, katika taa moja tu, iliyokufa huku jirani zake wakiwaka vizuri, itazame balbu kwanza, na indiketa inayopepesa haraka kupita kawaida mara nyingi ni dalili hiyo hiyo. Lakini ukiweka mpya yenye nyuzi mbili, tazama vipini vyake viwili vya pembeni, kwa kuwa havilingani kimo, na vimefanywa hivyo makusudi ili balbu iingie kwa namna moja tu. Nimekwisha kuona zilizosukumwa kwa nguvu kinyume, na trela ikatembea usiku kucha na mwanga wa breki, kisha dereva akikanyaga breki yenyewe hakuna anayeona tofauti.

Neno la mwisho ni kuhusu maungio. Kusokota nyaya mbili na kuzifunga tepu ni kazi ya kukufikisha nyumbani, na vile vibano vya plastiki vinavyochoma ganda la waya bila kulikata huacha tundu ambalo maji hayakosi kuliona. Maji yakishaingia, hupanda ndani ya ganda kama mafuta kwenye utambi, na shaba hubadilika rangi mbali na pale ulipotazama. Ukikata waya ukakuta shaba nyeusi au yenye unga wa kijani, usiunganishe hapo. Rudi nyuma ukiendelea kukata mpaka ukutane na shaba inayong'aa, kisha uunge kwa risasi au kwa kibano cha chuma, na ufunike kwa mpira unaosinyaa kwa joto wenye gundi ndani. Waya uliobaki ukiwa mfupi, ongeza kipande kipya, na uache ulegevu wa kutosha ili trela inapokata kona plagi isivutwe.

Naomba basi, Ndugu Mhariri, mchapishe masahihisho kuhusu ile sentensi ya fyuzi, hata kama haya mengine mtayaacha. Na kwa msomaji aliyeuliza swali, ikiwa bado hajaanza kung'oa nyaya, namwomba asubiri giza, afunge ule waya mmoja mrefu kutoka betri mpaka fremu, amwite mtu wa kukanyaga breki, na yeye asimame nyuma atazame.

Wako,
Msomaji mwenye trela